Upande Huu wa Maji

Norwich, 4 Oktoba 1883

Mpendwa Mwalimu Lidgett,

Hunijui. Jina lako nimelipata kwa kasisi mmoja aliyehudhuria mkutano wa chama chetu cha kukusanya maneno ya kale. Alisema umefundisha katika bonde la Skelgarth tangu ujana wako, na kwamba ukiulizwa jambo dogo unajibu kubwa. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta.

Tumegawana vitenzi kwa mafungu. Mwenzetu mmoja amepata vya kupika, mwingine vya kugombana, naye tunamwonea wivu. Mimi nimeangukiwa na vitenzi vya kuwa pamoja na watu. Wazee wetu walikuwa navyo tele. Kipo cha kuandama: leo ni mizimu tu inayoandama nyumba, lakini zamani mtu mzima, mwenye nyama na damu, aliandama nyumba ya rafiki yake, maana yake hakukoma kwenda huko, na hakuna aliyeogopa. Kipo cha kusuhubiana, kilichoanza kwa heshima kikaharibikiwa njiani. Siku hizi watu wanaosuhubiana ni wale wanaosuhubiana na wezi. Hata kuongea kulikuwa ni kuishi na mtu, kabla hakujawa kupiga naye domo.

Taabu yangu ni kwamba vitabu vyote nilivyochambua viliandikwa na watu waliojifungia chumbani peke yao. Je, huko kwenu wanasemaje? Nikipata kitenzi kimoja chenye uhai, pamoja na sentensi iliyotoka kinywani mwa mtu, nitakushukuru.

Wako mtiifu,
Cecily Pargeter


Skelgarth, Westmorland, 13 Oktoba 1883

Mpendwa Bi Pargeter,

Kasisi huyo namjua, na hakukudanganya. Vuta kiti.

Kitenzi cha huku ni kujirani. Usidhani maana yake ni kukaa karibu. Nyumba mbili zaweza kutazamana dirisha kwa dirisha zisijirani, na mbili nyingine zikatenganishwa na mlima mzima zikajirani tangu enzi za mababu. Kujirani ni kuendeana. Ni kwenda na mkasi wako siku ya mwenzio kukata kondoo manyoya, bila kuombwa, naye aje siku yako. Lakini msingi wake hasa ni maziko.

Kila nyumba hapa ina duru yake: nyumba zile ambazo mtu akifa lazima zialikwe. Jirani wa karibu zaidi hachelewi. Hushika fimbo yake akapita mlango kwa mlango, hugonga, hutaja jina la marehemu na siku ya maziko, haingii ndani, huenda zake. Nyumba iliyogongewa hutoa angalau mtu mmoja. Kanisa letu liko ng'ambo ya mlima, na jeneza hupandishwa kwa mabega njia nzima, kwa hiyo wanahitajika wanaume wa kupokezana. Baada ya hapo kila mwalikwa hupewa mkate mdogo wenye viungo, aupeleke nyumbani kwake ambako wote huonja. Asiyealikwa haendi. Kwenda bila kualikwa ni aibu. Kualikwa usiende ni tusi.

Sentensi yako hii hapa, imetoka kwa Jonathan Tyson wa Yeatside, nilipomuuliza jana ukutani kwake. Aliniambia, "Mwalimu, sisi tunajirani na kila mtu kuanzia darajani hadi ukuta wa mlima, isipokuwa Gillfoot." Kisha akanikumbusha, kama afanyavyo kila tukionana, kwamba mimi bado mgeni. Nilikuja hapa nikiwa na nywele nyeusi, Bi Pargeter. Nimemfundisha yeye kusoma, na watoto wake pia.

Wako,
Ambrose Lidgett


Norwich, 19 Oktoba 1883

Mpendwa Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Kujirani nakiweka juu ya fungu langu lote.

Lakini umenitendea kama mtu anayeweka sahani mezani kisha anaiondoa. Isipokuwa Gillfoot, kwa nini? Ni nani hao, na nani aliwatoa? Nimezoea kuona neno likitoka katika matumizi bila mtu yeyote kuamua. Nyumba nadhani haitoki hivyo hivyo. Lazima yupo aliyesema, basi.

C. Pargeter


Skelgarth, 27 Oktoba 1883

Mpendwa Bi Pargeter,

Gillfoot ni Isaac Fearon na mkewe Dinah, wafugaji wa kondoo, watu wasio na mtoto. Yeatside na Gillfoot zilijirani vizazi na vizazi. Mzee Tyson, baba yake Jonathan, alikuwa akila kwa Isaac zaidi ya alivyokula kwake. Mzee akafa, yapata miaka kumi na moja iliyopita, mwezi Machi. Bonde zima likapanda mlima nyuma ya jeneza. Gillfoot hawakuonekana. Tangu siku hiyo kila upande hukata kondoo wake peke yake.

Unauliza nani aliwatoa. Sijui, na kuuliza huku hakuna. Mtu hamuulizi mwenzake kwa nini hukuja kuzika baba yangu. Ukiuliza, umeonyesha kwamba ulimngoja, na heshima ikibidi idaiwe imekwisha kuwa kitu kingine.

Lakini kuna jambo linaloninyima raha. Isaac anaumwa kifua, na daktari ameacha kuagiza dawa, anaagiza mito ya kuegemea. Akifa, nani atamgongea nani? Jirani wa karibu kabisa ni Jonathan. Jonathan asipotoka, hakuna mwingine atakayetoka kabla yake, na Dinah hatafungua mdomo kuomba. Atambeba mumewe kwa mkokoteni kama gunia la sufu, mwanamke mmoja na farasi mmoja, na huku wanaume wazima wakitazama nyuma ya mapazia. Jambo hilo hatuna kitenzi chake, na natumaini hatutakihitaji.

Nakusihi usilichokonoe. Mimi mwenyewe, kwa ugeni wangu, sijathubutu.

A. Lidgett


Norwich, 2 Novemba 1883

Kwa Bi Dinah Fearon, Gillfoot, Skelgarth

Mama mpendwa,

Mimi ni mwanamke wa mbali asiye na haki yoyote kwako. Nakusanya maneno ya zamani ya watu kuwa pamoja, na nimeambiwa huko kwenu mnasema kujirani. Ningependa kulisikia kutoka nyumba zaidi ya moja. Ukiona nimekosa adabu, barua hii ni karatasi nzuri kavu, itawasha moto.

Cecily Pargeter


Gillfoot, 11 Novemba

Binti,

Karatasi niliitia motoni. Halafu Isaac akauliza ilisema nini, nikamweleza, akacheka, na hajacheka tangu mavuno ya nyasi. Kwa ajili hiyo nakujibu.

Umegonga mlango usio wake. Neno hilo humu ndani hatuna kazi nalo. Ni kama kumuuliza kiwete bei ya viatu.

Lakini Isaac anasema nikueleze, maana hatuwezi kumweleza mtu yeyote wa hapa na wewe huko Norwich huna pa kulipeleka. Mzee Tyson alipokufa tulisikia kengele, tukaona mtu mwingine amekwisha kuanza kupita milangoni. Isaac akavaa koti jeusi, akakaa kitini, kofia magotini, akingoja kugongewa. Mimi niliacha mkate kwenye jiwe la kuokea nisije nikachelewa kufungua. Alikaa siku hiyo na siku iliyofuata, akilivua koti wakati wa kulala tu. Siku ya tatu tuliwaona wakipita na jeneza, upande ule wa maji, kila kofia tunaijua. Hakuna aliyegonga. Isaac alisema, "Wana sababu yao." Hajui ni ipi mpaka leo. Amehesabu makosa yake yote, mengine nilikuwa siyajui, na hakuna linalotosha.

Usimwambie mwalimu. Ni mtu mwema, lakini atatueleza.

Dinah Fearon


Norwich, 16 Novemba 1883

Mpendwa Mwalimu Lidgett,

Ulinisihi nisichokonoe, nami nimechokonoa. Nimeandika Gillfoot na nimejibiwa. Niliyoambiwa si yangu kuyatoa, kwa hiyo nitakuuliza swali moja tu, la mtu wa vitenzi asiyejua kitu.

Yule anayepita mlango kwa mlango anajuaje duru inaishia wapi? Ni nani aliyepita alipokufa mzee Tyson? Jirani wa karibu zaidi alikuwa ni Isaac mwenyewe, na Isaac hakupita.

Nikasirikie ukipenda, ila nijibu.

C. Pargeter


Skelgarth, 29 Novemba 1883

Mpendwa Bi Pargeter,

Nilikukasirikia kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Baadaye nikaona kwamba katika miaka yote hii swali lako la pili sikuwahi kujiuliza, mimi niliyechapa watoto kwa kutouliza.

Nikaenda Yeatside. Jonathan alikuwa akipaka kondoo lami na siagi kuwakinga na baridi, kazi ambayo humlazimu mtu kukaa mahali pamoja, na nilikuwa nimeichagua kwa makusudi. Nikamuuliza duru yao inaishia wapi. Akaniangalia kama nimeuliza jua linatokea wapi. Akasema ni kama alivyosema babu yake: kila nyumba upande huu wa maji, kuanzia darajani hadi ukuta wa mlima. Nikauliza nani alipita siku zile. Akasema ni shemeji yake, Wilson Airey, wa mjini Kendal. Ilivyo ni kwamba mzee alikata roho alfajiri, Jonathan akabaki na mama yake aliyezirai, na Airey alikuwa mgeni wao, amelala hapo hapo, ana miguu mizuri. Aliona bora aanze kabla Isaac hajapata habari, ili kumpunguzia Isaac mwendo. Jonathan akamwambia maneno ya babu, akatoka.

Hapo ndipo nilipolazimika kuketi juu ya ndoo ya lami, Bi Pargeter, na suruali ile sitaivaa tena kanisani.

Lazima nikueleze maji yetu. Kijito cha Skelgarth hushuka katikati ya bonde. Zamani kilipita nyuma ya Gillfoot, kati ya nyumba hiyo na mlima wa mashariki. Mwezi Oktoba kabla mzee hajafa kulikuwa na mafuriko makubwa. Kijito kiliziba kwa mawe, kikavunja ukingo, kikachimba njia mpya mbele ya Gillfoot, kati yake na Yeatside. Hakijarudi. Sisi wenyeji (naomba uniruhusu neno hilo kwa leo) tulisema tu kwamba maji yamehama. Hakuna aliyefikiri kwamba nyumba imehama.

Airey alipita kila nyumba upande huu wa maji, kama alivyoambiwa. Aliiona Gillfoot ng'ambo, akaendelea na safari. Nao wa ng'ambo wana duru yao, na Gillfoot haikuwahi kuwa yao. Tangu hapo Isaac na Dinah wamekaa katika nyumba isiyo ya upande wowote.

Nilimweleza Jonathan, kwa kirefu, nakiri. Kondoo aliyekuwa mikononi mwake alipata muda wa kujinasua na kuondoka akiwa amepakwa nusu. Mwishowe akasema, "Mwalimu, mama aliweka mkate wao. Uliwekwa mezani, wa Gillfoot, mpaka ukaota ukungu. Hakukubali tuutupe."

Nikamwambia basi nenda. Njia ni fupi, uwanja mmoja na jiwe la kuvukia. Akajibu kwamba njia si fupi tena. Aende akaseme nini? Mtu huvuka kwenda nyumba asiyojirani nayo kwa sababu moja tu, na kumtokea mgonjwa mlangoni ni kumwambia tumekuja kukungoja ufe. Kisha akaniambia kwamba mimi ni mgeni, siwezi kuelewa. Safari hii hakutania.

A. Lidgett


Norwich, 5 Desemba 1883

Mama mpendwa Bi Fearon,

Jambo moja tu, na baada yake sitakusumbua. Siku ile mkate wenu uliwekwa. Mama yake Jonathan aliuweka mezani hadi ukaharibika, na hakuruhusu utupwe. Aliyepita kualika alikuwa mtu wa Kendal, na aliambiwa apite upande huu wa maji. Tazama nje ya mlango wako uone maji yako wapi.

Hayo nimeyapata kwa mwalimu. Umekataa akueleze, basi nimekueleza mimi, kwa ufupi.

C. P.


Norwich, 5 Desemba 1883

Mwalimu,

Na wewe upande wako. Niliaminiwa siri, nami naivunja, nikijua ninalolifanya. Isaac alivaa koti jeusi, akakaa na kofia magotini siku mbili akingoja kugongewa. Mwambie Jonathan. Usimweleze zaidi ya hapo.

C. P.


Skelgarth, 20 Januari 1884

Mpendwa Bi Pargeter,

Utakuwa umeshangaa kimya changu. Sikunyamaza kwa hasira. Nilimwambia Jonathan habari ya koti kwa sentensi moja, na naamini hujaona kazi ngumu kama hiyo. Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Krismasi ikaja, ikapita. Moshi wa Gillfoot nikawa nautazama kila asubuhi, nikasema basi, neno limefika na halikuota.

Jumanne iliyopita moshi haukuonekana. Kulikuwa na barafu, na bonde zima likawa limesimama. Nilivaa viatu, nikashuka, nikidhamiria kuvunja desturi mimi mwenyewe, maana mgeni asameheke kwa lipi kama si kwa hilo. Nilifika uwanja wa Yeatside nikamwona Jonathan Tyson mbele yangu. Alikuwa amevaa koti jeusi na ameshika fimbo ya baba yake. Hakuja mtu kumwambia Isaac amefariki. Naye alikuwa akiutazama moshi ule ule, jambo ambalo sikulijua. Nikabaki nyuma ya ukuta. Sina haya kusema kwamba nilisikiliza.

Alivuka kijito, akagonga. Dinah akafungua. Mikono yake ilikuwa na unga, nikafahamu kwamba moto ulizimika kwa kuwa alikesha na mumewe, na asubuhi ile alikuwa akikanda mikate ya maziko hata kabla hajajua kama kuna atakayeila.

Jonathan alivua kofia. Nilitegemea msamaha, maelezo, maji, shemeji, babu. Hakutaja lolote. Aliuliza kama aulizavyo jirani wa karibu zaidi tangu enzi: "Nimgongee nani?"

Dinah alijifuta unga mikononi. Kisha akasema, "Wale wale. Wa kabla maji hayajahama." Akaongeza, "Na usianzie kwa mwalimu, atakuchelewesha. Yuko nyuma ya ukuta wako."

Hata hivyo mimi nikawa wa kwanza kualikwa, uwanjani, bila mlango. Jonathan aligonga ukuta kwa fimbo, akanitajia jina na siku, uso mkavu kabisa. Sikuwa nimewahi kugongewa, Bi Pargeter. Nyumba ya shule haimo katika duru ya mtu yeyote, maana walimu huja na kuondoka. Nilidhani unajua, kumbe sikukuambia.

Tulimpandisha mlimani Ijumaa. Kila nyumba kuanzia darajani hadi ukuta wa mlima ilitoa mtu, na ng'ambo pia walikuja wawili, waliosema kwamba kwa kuwa maji yako pale yalipo, hawajui tena sheria inasemaje, na wakati watu wanabishana jeneza halisogei. Njiani walibishana hivyo hivyo, wakipokezana bega. Jonathan alikataa kupokewa hadi kileleni. Mabega yangu hayafai tena. Nilibeba kofia za waliobeba.

Kwa ajili ya fungu lako nimeandika sentensi ya Dinah, tarehe na mahali, kwenye karatasi tofauti, kama chama chenu kinavyotaka. Neno kujirani halimo ndani yake. Iweke chini yake hivyo hivyo.

Wako daima,
Ambrose Lidgett


Gillfoot, 21 Januari

Binti,

Nakuandikia mwenyewe kwa sababu mwalimu atajaza karatasi nyingi na posta ni ghali.

Barua yako ya pili nilimsomea Isaac. Akaniambia nimfungulie mlango aone maji. Nikamfungulia, na baridi ile. Aliyatazama, akasema, "Basi ni hayo tu." Akalala usingizi. Alikuwa amekwisha kuacha kuhesabu makosa yake, na hiyo ilikuwa kabla ya mtu yeyote kugonga. Nataka ujue hilo, maana wengine watakuambia kwamba alingoja mpaka akafa.

Katika kifurushi hiki kuna mkate. Huu hupewa walioalikwa tu. Jonathan alisema miguu yake haifiki Norwich, lakini umhesabu kuwa amegonga. Ukifika mgumu uchovye kwenye chai. Waonjeshe walio nyumbani kwako, na kama unakaa peke yako, mtafute mtu.

Kondoo wangu nitawakata manyoya mwezi Julai, na Yeatside watakuja. Je, utakuja? Unaona, nauliza.

Dinah Fearon